Njia ya Voi Bila Klachi

Wako watu wengi waendeshao motokaa kila siku, walakini hawajui ni jambo gani linalotendeka chini ya miguu yao wanapokanyaga klachi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata leseni yangu mwaka 2014, nikanunua pikapu kuukuu ya dizeli yenye viti vya mbele na vya nyuma, nikaiendesha kwenda kazini na sokoni kwa muda wa miaka minane bila kujiuliza swali lolote. Jawabu la swali hilo nililipata usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mwaka 2022, katika njia itokayo Wundanyi kwenda Voi. Aliyenipa jawabu hilo ni baba yangu, naye alikuwa amelala kiti cha nyuma katika maumivu makubwa. Naandika habari hii kwa kuwa yamo ndani yake mambo mawili yawezayo kuwafaa wasomaji: la kwanza ni la ufundi, na la pili ni la adabu.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alisoma madarasa manne tu. Kwa mshahara wa usukani alinisomesha katika shule ya sekondari ya misheni, nikapata cheti, nikaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya serikali. Nakiri kwa haya kwamba, ingawa nilimpenda sana baba yangu, kazi yake niliiona kuwa ni kazi ya mikono na miguu tu. Niliamini kuwa maarifa hukaa vitabuni, na kwamba mimi ndiye niliyeyapata kwa ajili ya nyumba yetu nzima.

Mwezi wa Januari wa mwaka huohuo wa 2022, nilimchukua baba katika pikapu yangu kwenda kanisani. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Mwanangu, klachi yako inashika chini sana. Hebu tazama kikombe chake cha mafuta." Nilimjibu upesi bila kufikiri, "Baba, magari ya siku hizi si kama lori lako." Akanyamaza, akatazama nje. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yangu yalinikuta baada ya miezi mitatu.

Baba alikuwa na ngiri kwa miaka mingi, akiificha kama wazee wengi wafichavyo. Usiku huo ngiri ilivimba ikawa ngumu kama jiwe, ikakataa kurudi ndani, naye akaanza kutapika. Muuguzi mmoja aliye jirani yetu alikuja na taa, akamtazama, kisha akaniita kando. Akaniambia kuwa utumbo umenaswa, na ukikaa hivyo damu haitaufikia, nao utaanza kufa. Dawa yake ni kupasuliwa, na tusithubutu kungoja asubuhi. Tulipiga simu kuomba gari la wagonjwa, tukaambiwa limekwenda Mombasa na mgonjwa mwingine. Basi tukamlaza baba katika kiti cha nyuma cha pikapu, mdogo wangu akampakata kichwa, tukaondoka saa tatu na nusu usiku. Mpaka Voi tulikuwa na mwendo wa kilomita zaidi ya 40, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha.

Tuliipita Wundanyi salama. Msomaji aliyepita njia ile anajua kuwa kutoka hapo hadi Mwatate ni mteremko wenye kona nyingi, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Nilikuwa katika gia ya pili. Baada ya kona moja nilitaka kutia ya tatu, nikakanyaga klachi, nacho kikanyagio kikashuka mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga tope, kisha kisirudi tena. Nikavuta mkono wa gia kwa nguvu, haukutoka. Nikaogopa, nikakanyaga breki, gari likatetemeka, injini ikazimika.

Nilishuka nikafungua boneti. Kwa mwanga wa simu niliona kikombe cha mafuta ya klachi kikiwa kikavu, na njia yote ya chini imelowa mafuta. Chupa ya mafuta sikuwa nayo. Nilimpigia rafiki mwenye gari huko Voi, akasema atakuja, lakini kufika kwake hapatapungua saa nzima, na kurudi ni nyingine. Nilirudi kwenye usukani nikakaa, mikono ikitetemeka, nisijue la kusema.

Ndipo baba alipouliza kwa sauti ndogo, "Klachi imekufa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na breki?"

Nikajaribu breki. Zilikuwa nzima, kwa maana kikombe chake kilikuwa mbali na kile cha klachi.

"Basi gari ni zima," akasema. "Tutakwenda."

Nilingoja anikumbushe maneno yake ya mwezi wa Januari. Hakunikumbusha wakati ule, wala hajanikumbusha hata leo.

Akanieleza kwa maneno machache, maana kila neno lilimgharimu pumzi. Kwanza niutoe mkono wa gia, uwe huru. Injini ilikuwa imezimika, gari limesimama, na mkono ukatoka bila shida. Kisha niwashe injini, niachie breki, na mlima utusukume wenyewe. "Tuko mteremkoni," alisema, "usiimalize betri kwa kazi ambayo mlima utaifanya bure." Gari likaanza kuserereka. Lilipopata mwendo wa mtu anayekimbia, akasema nitie gia ya pili. Nikasukuma. Pakatoka sauti mbaya sana ya chuma kusaga chuma.

"Usilazimishe," akasema baba. "Unatumia mkono. Tumia sikio. Shika kwa vidole viwili tu. Kanyaga mafuta kidogo, injini ipande, na vidole vyako viwe vinaomba, visiamuru."

Nikafanya hivyo. Injini ilipanda, na palipofika mahali fulani ambapo sauti yake ililingana na mwendo wa gari, mkono wa gia ukaingia wenyewe, laini, kama kisu katika siagi. Sitausahau mwingio ule maisha yangu yote.

Sasa niwaeleze wasomaji kwa nini jambo hili linawezekana, maana baadaye nilikaa nikalitafakari, nikaona kwamba mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amelifundisha, ila mimi sikujua kuwa ndilo hili. Injini na giaboksi ni vitu viwili vilivyounganishwa na klachi. Ukikanyaga klachi unavitenga, ukiachia unaviunganisha. Ndani ya giaboksi kila gia ina jozi yake ya magurudumu yenye meno. Unapotia gia, mkono wako unasukuma pete yenye meno ili ijifunge na gurudumu la gia ile. Lakini meno hayawezi kuingiana ikiwa pete inazunguka kwa mwendo mmoja na gurudumu kwa mwendo mwingine. Ndiyo sababu ya ile sauti ya kusaga.

Basi kwa kila mwendo wa gari, na kwa kila gia, iko idadi moja tu ya mizunguko ya injini inayopatana. Tuseme katika gia ya tatu injini huzunguka mara 1.4 kila mara moja ya shafti iendayo magurudumuni, na katika gia ya nne huzunguka mara moja kwa moja. Ikiwa injini inazunguka mara 2,100 kwa dakika katika gia ya tatu, basi kwa mwendo uleule, katika gia ya nne itapasa izunguke mara 1,500. Mwenye kupanda gia ni lazima angoje injini ishuke kutoka 2,100 hadi 1,500. Mwenye kushuka kutoka ya nne kwenda ya tatu ni lazima aipandishe kutoka 1,500 hadi 2,100 kwa kukanyaga mafuta. Akipata idadi ile, hahitaji klachi. Asipoipata, hata akiwa na nguvu za punda, meno yatamkatalia.

Dereva wa siku hizi hayaoni haya kwa kuwa ndani ya giaboksi yake kuna vijipete vya sinkromeshi, mara nyingi vya shaba ya manjano, ambavyo husuguana na gurudumu na kusawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Ufundi huo ulivumbuliwa na Mmarekani Earl Thompson, na motokaa za Cadillac ndizo za kwanza kuuzwa nao, mwaka 1928. Haukuenea mara moja katika gia zote. Land Rover za kwanza, zilizotoka mwaka 1948, zilikuwa na sinkromeshi katika gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili zilimtegemea dereva mwenyewe. Malori mengi yalikuwa hivyo pia, na lori la kwanza alilopewa baba yangu lilikuwa mojawapo. Yeye na wenzake walifundishwa na haja kusikiliza injini. Huko Marekani madereva wengi wa malori makubwa, ambayo giaboksi zake hazina sinkromeshi, hubadilisha gia kwa namna hii mchana kutwa, wakitumia klachi wakati wa kuondoka na kusimama tu.

Lakini vijipete vile ni vidogo. Vimeumbwa kusawazisha shafti nyepesi iliyotengwa na injini kwa klachi. Klachi ikifa, injini yote nzito inabaki imefungwa kwenye shafti ile, na vijipete haviwezi kuishinda. Kazi yote inarudi kwa mguu na sikio la dereva.

Liko jambo la pili alilonifundisha baba, nalo ni namna ya kuitoa gia. Nilipokuwa nikivuta mwanzoni kwa nguvu, haikutoka kwa sababu gari lilikuwa likiisukuma injini mteremkoni, na meno yalikuwa yamebanana. "Kanyaga mafuta kidogo tu," alisema, "mpaka gari lisiisukume injini, wala injini isilisukume gari. Hapo katikati, vuta." Ni kweli. Pana nukta moja ya amani ambapo hakuna anayemsukuma mwenzake, na hapo gia hutoka kwa kidole.

Tukashuka hivyo. Nilipotaka kutia ya tatu, baba alihesabu kwa sauti: "Toa. Ngoja. Ngoja. Sasa." Mara ya kwanza ilisaga kidogo. Mara ya pili haikusaga. Mwatate tulipita matuta katika gia ya pili, polepole sana, bila kusimama, na kwa bahati kona yetu ya kwenda Voi ni ya kushoto, hatukuwa na haja ya kuwangoja watu. Kusimama ndiko nilikoogopa. Gari lisilo na klachi likisimama mahali tambarare, huwezi kulitia gia injini ikiwa hai. Huna budi kuizima, kutia gia ya kwanza, kisha kuwasha, stata iburute injini na gari pamoja. Hiyo ni kazi nzito sana kwa betri, na betri yangu ilikuwa na umri wake.

Baada ya Mwatate nchi inakuwa tambarare, nikapata ya nne. Moyo ukaanza kutulia. Kumbe tulikuwa tumeingia katika nchi ya ndovu, maana sehemu ile iko baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na wanyama huvuka huku na huko wapendapo. Kwa mwanga wa taa niliona kitu kama ukuta wa kijivu barabarani. Walikuwa ndovu watano, na mmoja wao mtoto.

"Toa gia. Simama mbali," akasema baba kabla sijasema neno. Nikautoa mkono, nikafunga breki, tukasimama. "Zima."

Nikazima. Usiku ulikuwa kimya, isipokuwa vyura, na sauti ya matawi yakivunjwa. Mama yule alisimama akatutazama, masikio yamefunguka. Sijui tulikaa dakika ngapi. Kwangu zilikuwa kama ibada nzima. Baba aliugua mara moja, kisha hakuugua tena. Ndovu walipokwisha kuvuka, niligeuka nikaita, "Baba." Hakujibu.

Mdogo wangu akasema, "Kaka, mikono yake ni baridi. Twende."

Nikatia gia ya kwanza. Nikakanyaga kikanyagio kilichokufa, kwa kuwa gari langu halikubali stata izunguke kisipokanyagwa, nikageuza ufunguo. Stata ikanguruma, pikapu ikaruka mbele kama mbuzi avutwaye kamba, ikasita, taa zikafifia. Nilisema sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali. Ikaruka tena mara ya pili, ya tatu, na injini ikashika.

Hapakuwa na mtu wa kunihesabia. Nilisikiliza mwenyewe. Niliinua mguu, nikatoa ya kwanza, nikangoja injini ishuke, nikaomba kwa vidole, ya pili ikaingia. Nikafanya vivyo hivyo kwa ya tatu. Kwa ya nne niliogopa kuharibu, nikangoja zaidi, kisha nikaongeza mafuta kidogo, ikaingia bila sauti. Machozi yalikuwa yananitoka, nisione vema barabara.

Ndipo kutoka nyuma ikaja sauti dhaifu: "Ya nne umeichelewesha kidogo."

Mdogo wangu alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi sikuweza kusema kitu. Nilisikia tu ile sauti ya mtu aliyekuwa akisikiliza injini hata katika hali ile, kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa.

Tulifika hospitali mjini Voi karibu saa tano na robo. Mlinzi aliona taa nilizokuwa nikiwasha na kuzima kwa mbali, akafungua lango, tukaserereka mpaka mlangoni gia ikiwa huru. Baba alipasuliwa kabla ya alfajiri. Daktari alituambia kuwa utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini ulipofunguliwa damu ilirudi, na haikuwapo haja ya kuukata. Akasema kuwa kungoja mpaka asubuhi kungekuwa habari nyingine. Baada ya siku sita tulimrudisha nyumbani, naye yu hai mpaka leo, kwa neema ya Mungu.

Fundi alipoifungua klachi, alinionyesha kipande cha mpira kilichochanika ndani ya silinda yake, si kipana kuliko sarafu. Bei yake na mafuta mapya haikufika hata kiasi ninachotumia kwa chai ofisini katika mwezi mmoja. Kama ningalifungua boneti mwezi wa Januari, ningaliona mafuta yakipungua.

Wasomaji wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba watu waendeshe gari bila klachi kila siku. Kila msago unakula meno, na vijipete vya sinkromeshi huchakaa, na giaboksi ni ghali. Mjini penye watu na magari mengi ni hatari kubwa, maana kuwasha gari likiwa katika gia hulirusha mbele, na ole wake aliyesimama hapo. Ni ufundi wa siku ya shida. Lakini inafaa kila mwenye gari lenye gia za mkono aujue. Na kabla ya hilo, inafaa zaidi atazame kikombe cha mafuta ya klachi mara moja kwa juma, na kikanyagio kikianza kushika chini asikae kimya.

La adabu nimeliacha mwisho. Nilikaa shuleni miaka minne nikijifunza habari za magurudumu na mizunguko, nikafaulu mtihani, nikapewa cheti ambacho kimetundikwa ukutani nyumbani kwa baba. Yeye ndiye aliyekitundika. Maarifa yaleyale yaliyoandikwa katika daftari langu yalikuwa katika masikio yake miaka mingi kabla sijazaliwa, nami sikuwahi kumwuliza hata siku moja kazi yake ilikuwaje. Siku hizi Jumapili tukitoka kanisani namwachia kiti cha mbele, nami naendesha nikiwa nimefunga redio. Klachi ni mpya na inafanya kazi vizuri. Lakini njia ikiwa tupu huniambia, "Hebu," nami naondoa mguu wangu wa kushoto, nangoja, natia ya nne kwa vidole viwili. Ikiingia vema hasemi kitu. Hutazama nje dirishani.